Vumbi la Ras Mkumbuu

Nimerudi juzi, na mama ananihoji kama afisa wa forodha:
umeona nini huko Uyunani
kilichokula pesa za karafuu misimu miwili?

Nguzo, mama. Nimeona nguzo.
Tulipanda basi alfajiri kwenda Delfi,
masikio yakiziba kwa urefu wa milima.
Kisha meli, hadi Delo,
kisiwa ambacho zamani ilikatazwa
mtu kuzaliwa wala kufa juu yake;
sasa kina mijusi, na simba wa mawe waliolikodolea jua.
Nimeona na Sunio, hekalu kwenye ncha ya rasi.
Niligusa jiwe moja, baridi kama mtungi,
mlinzi akanipigia filimbi,
basi zima likageuka kunitazama.

Mama anachambua vikonyo. Hanitazami.
"Jumamosi twende Wesha," anasema.

Boti ya Faki Shaame, mashine inakohoa,
mikoko ubavuni, na mama kaupakata
ufagio wa chelewa kama mtoto mwenye homa.
Miaka arubaini na mitatu, mzaliwa wa Chake,
mwalimu wa historia,
sijawahi kuikanyaga Ras Mkumbuu.

Msikiti hauna paa. Mbuzi kalala kibla.
Kuna kaburi lenye nguzo, na kwenye nguzo
vishimo vya duara palipokaa bakuli;
waliozing'oa hawakuacha jina.
Hakuna kamba hapa, hakuna tiketi.
Nikatia vidole mdomoni nimpigie mbuzi mluzi,
nikaona haya.

Mama keshavua viatu. Anafagia
majani, vinyesi, kifuko cha juisi,
na kila kaburi analitolea salamu
kwa sauti ile ya kupita uani kwa jirani.
"Walikuwa nani?" nauliza, mimi mwenye shahada.
"Nitawajuaje? Mamaangu alifagia hapa.
Shika, mgongo huu."

Nikashika. Sijui kufagia;
vumbi lote lilinirudia usoni.

Wakati wa kurudi, maji yamelala, akauliza:
"Kile kisiwa chako kisichotaka maiti,
wafu wao waliwapeleka wapi?"

Ng'ambo, mama. Kisiwa cha pili, mkabala.
Meli yetu ilikipita karibu.
Nilikuwa nakula biskuti.

Akazitazama chelewa, akachomoa iliyovunjika,
akaitupa majini.
"Na huko," akasema, "nani anafagia?"