Rangi Kwenye Helmeti

Jumapili, saa moja asubuhi, kabla ya kengele za Walutheri,
nafungua chumba cha vifaa chini ya jukwaa la mashariki.
Helmeti themanini na tano ziko rafuni,
zinanuka jasho, nyasi bandia, na pipi za mnanaa
wanazotafuna vijana wakiogopa.
Misimu ishirini na sita nimezifuta.
Nasoma rangi kama wengine wasomavyo gazeti:
mkwaruzo wa kijani ubavuni, walipitana tu;
doa jekundu shavuni, alikuwa akianguka;
rangi utosini, pale panapodunda kwa mtoto mchanga,
hiyo ni habari nyingine.

Rangi haina timu.

Septemba, Jalon Oglesby, mwaka wa kwanza chuoni,
mama yake kaendesha gari saa kumi na moja kutoka Shreveport
na sinia la kuku kwenye kiti cha nyuma,
aliinamisha kichwa akamgonga mdakaji wa wageni.
Kitambaa cha njano kikaruka kama kifaranga kilichotishwa.
Tukangoja. Kule juu, kwenye chumba cha vioo,
wakaurudisha mgongano nyuma, mbele, nyuma,
polepole, hata ajali ikaanza kufanana na nia.
"Amelenga kichwa. Nje."
Jalon akatoka robo ya pili,
akapita mbele ya mama yake
aliyekuwa ndiyo kwanza apate kiti.
Mimi ndiye niliyeipokea helmeti yake.
Utosini: bluu, upana wa kidole gumba.
Sikubisha.

Novemba, baridi ya kupasua midomo,
Keaton Wessel akaruka kudaka,
na kabla miguu haijakumbuka ardhi
mtu akamjia kichwa mbele, kama beberu aliyekata kamba.
Uwanja mzima ukavuta pumzi moja.
Keaton alilala macho wazi.
Daktari Amundsen akamuuliza leo siku gani,
akajibu, kwa adabu kabisa, "Jumanne."
Kule juu: nyuma, mbele, nyuma.
"Hakuna kosa. Mchezo uendelee."

Wanasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.
Huu wa Jumamosi umeng'oka meno upande mmoja,
na ni upande gani hujui
mpaka shingo yako ifike.
Bibi Halvorsen wa safu ya nne, mwalimu wa katekisimu,
alitamka neno nililodhani halijui.
Jumatano ikaja barua ya ofisi ya ligi,
mistari minne: tumepitia, tunasikitika.
Nimeibandika juu ya mashine ya kufulia.
Keaton bado anavaa miwani ya jua darasani.

Ya Jalon sikuwahi kuifuta; nilimpa nyingine.
Nimeiweka mezani karibu na ya Keaton,
utosi huu, sikio lile,
nikachukua rula ya binti yangu.
Inchi moja.
Inchi moja.

Ningeishia hapo mngeniita mtu wa haki.

Lakini ipo ya tatu.
Oktoba, mvua, dakika moja imebaki, tunaongoza kwa pointi tatu,
Brock Tillery, nahodha wetu, aliyewahi kunisaidia kubeba jokofu
ngazi zote mbili bila kuombwa,
alimgonga kijana wa timu ngeni hivyo hivyo, utosi kwa taya.
Kijana akainuka, akatembea kuelekea benchi letu,
akakaa kati yetu, akasubiri kocha wake.
Hakuna kilichoruka. Hakuna aliyerudisha nyuma wala mbele.
Nami nilipiga makofi hadi viganja vikawaka.

Sikungoja Jumapili.
Usiku ule ule, taa moja tu, mlango nimeufunga,
nikamimina dawa kwenye kitambaa cheupe
nikasugua utosi wa Brock mpaka ukang'aa kama haujawahi kugusa mtu.
Wale wageni huvaa njano.
Kitambaa kikawa njano tupu.

Kimo mfukoni mwangu hadi leo.
Sijakirusha.