Kijiko na Sufuria

Wepukhulu anacheza, mimi nagonga.
Kazi yangu ni hiyo tu: kijiko, sufuria,
na yeye, kila asikiapo, aseme "naam".

Chumba cha nyuma, duka la mama, Namakwekwe, Mbale.
Gunia la mchele ndilo kiti chake.
Mchezo nimeuchora mwenyewe, miezi saba:
pikipiki inapanda Wanale na magunia ya kahawa.
Na nilivyoupamba! Ramani inazunguka pembeni,
mafuta yanapungua kwa rangi nyekundu,
sarafu zinaruka, mishale inawaka, nyota zinapasuka,
maandishi yanapita chini mbio
kama siafu waliokanyagwa.

Nikagonga. Kimya.
Nikagonga tena. Jasho puani, mdomo wazi,
macho yanakimbia pembe hadi pembe
kama mgawa chakula mmoja kwenye harusi ya watu mia tano.
Kona ya tatu akaporomoka bondeni, kahawa na yote.
"Hukusikia?"
"Kwani ulikuwa unagonga?"

Usiku ule nilifuta.
Nyota kwanza, na kuliniuma,
nilizichora nikiwa na malaria.
Kisha sarafu. Kisha mishale.
Nikanogewa. Nikafuta hata ramani, hata mafuta,
ikabaki njia na giza la kijani.

Asubuhi akapotea.
Alisimamisha pikipiki katikati ya mlima:
"Naenda wapi? Nimebakiwa na mafuta kiasi gani?"
Kichwa chake sasa kilibeba mizigo iliyokuwa ya kioo.
Nikagonga; hakuitika, alikuwa anahesabu.

Basi nikarudisha, kwa ncha ya kijiko,
kama mtu aliyekwisha kuharibu mchuzi kwa chumvi.
Mafuta nikayaweka kwenye tangi la pikipiki yenyewe,
hapo jicho lake lilipokuwa limekaa tangu mwanzo.
Njia ya sokoni nikaipa vumbi jekundu,
vumbi la kwetu, halihitaji mshale.

Jumamosi. Anapanda. Mabega yameshuka.
Nagonga. "Naam."
Nagonga kwa kucha tu. "Naam."
Kona ya tatu, ya nne, daraja la mbao.
Nikaweka kijiko chini nimtazame.

"Mvua," akasema, macho yako mlimani.

Mimi sikuwa nimeisikia.
Nikatoka mbio kuanua nguo,
na juu ya bati, kweli,
tone moja. Kisha moja.