Binti Steingrímur

Huku kwetu hatuna jina la ukoo.
Mtu huitwa mtoto wa fulani, basi:
mimi Hafdís binti Steingrímur,
dada yangu Sólrún binti Steingrímur,
na baba, Steingrímur bin Oddur,
anayenuka mafuta ya trekta hata siku ya harusi.

Daktari wa Akureyri aliuliza ni nani kwetu
aliyekufa kwa saratani ya titi.
Tukamhesabia upande wa mama,
maana titi, tulidhani, hurithiwa huko:
bibi, mama mkubwa, mama wadogo wanne,
wote buheri wa afya, mmoja bado anavuta sigara.
Baba, aliyekuja kwa sababu ya kuendesha gari tu,
alikuwa ameketi dirishani, kofia magotini.
"Mama yangu," akasema, "hakufa kwa homa."

Miaka sitini alilifungia neno hilo.
Mama yake, Guðlaug, miaka thelathini na minane,
alijifunga kitambaa chini ya sweta,
kila asubuhi kingine,
na mtoto aliyetumwa kuvichoma nyuma ya zizi
ni yeye.
Aliambiwa asitazame. Alitazama.

Damu yangu ilijaa vichupa viwili vya kifuniko cha zambarau,
ikapanda ndege kwenda Reykjavík, nauli sikulipa mimi.
Huko mtu nisiyemjua, katika chumba kisicho na dirisha,
aliisoma herufi kwa herufi
kama mwalimu anayesahihisha imla,
akakuta mahali fulani
herufi tano zimerukwa.

Si mimi niliyeziruka.
Nilinakili alivyonakili baba,
naye alinakili kwa Guðlaug, na Guðlaug
kwa mtu ambaye hata kaburi lake limemezwa na nyasi.

Majibu ya Sólrún yalirudi safi.
Yeye ndiye aliyelia.
Aliosha vyombo vilivyokwisha oshwa,
akaniambia, "Nisamehe,"
nikamuuliza kwa kosa gani, akakosa la kusema.

Baba naye akapimwa. Anazo, yaani hana,
zilezile tano.
Alikaa na ile karatasi mpaka kahawa ikapoa.
"Nilidhani nimekupa jina tu."

Upasuaji ni Oktoba, kondoo wakishashuka milimani.
Tarehe nimeichagua mwenyewe.
Usiku huwa nayapakata haya mawili viganjani
kama mwuza mikate asiye na mizani.

Jana baba aliitoa Biblia ya nyumbani,
ile yenye vifo vyetu vyote ndani ya jalada la nyuma.
Akavaa miwani. Akalikata neno homa kwa mstari mmoja,
akaandika pembeni lile lingine, polepole,
ulimi ukichungulia kama wa mtoto wa darasa la kwanza.

Imla haikumpenda tangu shuleni.
Ameruka herufi moja.
Sólrún alitaka kumsahihisha;
nikamkanyaga mguu chini ya meza.