Kamisheni

Mchana, Ruwi, nyuma ya kioo,
nabadilisha riali ziwe shilingi, ziwe rupia, ziwe taka,
na kila pesa ikivuka kuna kijisehemu kinabaki kwetu,
baisa mia nne, baisa mia saba,
kimeandikwa kwa herufi ndogo chini ya risiti.
Hakuna anayeuliza.

Usiku, Mabela, kwenye meza ya kulia ya nyumbani,
nabadilisha bunduki.

Vitabu viwili viko wazi.
Kimoja kimevuliwa jalada na Alhamisi za miaka kumi na moja,
kingine bado kinanuka gundi.
Cha zamani kinarusha dadu za pande sita, kiganja tele,
kikiamini kwamba maumivu hujumlishwa.
Kipya kina dadu moja ya pande ishirini
na kwake umepata au umekosa, basi.

Bastola za walinzi wa bandari ya Zohali: dakika mbili.
Leza ya Thuweiba: rahisi,
masafa gawa kwa mbili, uzito futa.
Kitabu kipya hakijali uzito,
walioandika hawajapandisha jokofu ngazi nne.
Bomu la barafu la Ghassan limezidi nguvu, nimelipunguza.
Atalalamika. Na alalamike.

Mama anapita na birika,
ananikuta nahesabu kwa vidole.
"Saa ngapi?"
"Tisa," nasema, tisa ya huku,
naye anatoa sita kimoyomoyo
kama afanyavyo tangu mwaka wa sabini na nne.
"Saa tatu hii. Mbona hujala?"
Hajawahi kukosea hesabu hiyo.
Hajawahi pia kuiacha.

Imebaki moja.
Kadi ya Mundhir, yenye duara la chai,
Mundhir aliyeko Duqm, wiki tatu kazini, moja nyumbani,
anayefunga mabomba na kututumia sauti zilizojaa upepo.
Jina la silaha: Bi Kizee.
Aina: mzinga wa plazima, wa mkononi.
Madhara: dadu sita. Masafa: aibu.
Na chini, kwa mwandiko unaoinama kama mtu anayetafuta kiatu:
*Moja zikitokea mbili, hukasirika.
Hapigi tena mpaka aombwe radhi
kwa sauti, wote mezani wasikie.*

Madhara yamevuka salama. Masafa yamevuka na aibu yake.
Kukasirika hakuna kisanduku.
Natazama faharasa ya kitabu kipya:
*kuganda*, halafu *kukosa*.
Katikati yao hamna mtu.

Ningeweza kuacha. Herufi ndogo, chini ya risiti.

Lakini nakumbuka ule usiku tumezingirwa kwenye mwezi wa saba,
hewa imebaki ya zamu mbili,
Bi Kizee kanuna,
na Mundhir kapiga magoti kwenye zulia hili,
"Niwie radhi, bi mkubwa, nilikushika kwa mkono mchafu,"
tena, na tena, kwa sauti ya kupanda,
hata jikoni mama akaitika,
"Nimekusamehe, baba. Njoo uchukue sahani."
Tukamwangalia msimamizi.
Msimamizi akatafuna kwanza sambusa yake, akameza.
"Imehesabika," akasema. "Piga."

Basi nachukua karatasi.
Moja mbili katika dadu sita
ni kama mara moja kwa kila nne, na ushei.
Kwenye ishirini, ni kuanzia moja hadi tano.
Nimepiga hesabu mara mbili, ndiyo kazi yangu.
Ule ushei nimeuona. Nimeshindwa pa kuuweka.
Naandika kwa wino, pembeni, nje ya mistari:
*1 hadi 5: hukasirika. Radhi kama zamani.*

"Huyo Mundhir anarudi lini?" mama anauliza,
kana kwamba amesoma begani kwangu,
na kusoma bila miwani hawezi.
"Alhamisi. Atafika saa mbili."
"Mbili ya huku?"
"Ya kwetu," nasema,
na yeye anamimina chai,
hatoi kitu.