Swali la Kumi na Saba

Nilikuja Kwamgogo na fomu sitini,
kishikwambi kilichozimika kabla ya adhuhuri,
na kofia ya mradi iliyonibana kichwa.
Kaya arubaini kwa siku nne, walisema Chake.
Usibishane. Uliza, andika, shukuru, ondoka.

Bi Kazija Shaame alikuwa akipeta.
Hakuacha kupeta.
Makapi yaliruka, moja likatua
palipoandikwa Jina la Mkuu wa Kaya.
"Basi, kashajijaza," akasema.

Swali la tatu: wanaishi wangapi hapa?
Asaa, yuko Maskati, lakini chumba hiki kajenga yeye.
Mbwana, yuko Unguja, anauza simu Darajani.
Mkewe, huyo jikoni, hana neno.
Time, kafa mwaka wa mafua mabaya,
lakini tuta lile ni lake na maji bado yanamtii.
Na miye.
"Andika watano."
Nikaandika wawili.

Swali la kumi na saba:
Ni eneo gani halitumiki, na kwa nini?
Visanduku vinne. Ukame. Wadudu. Uhaba wa pembejeo.
Na cha nne, uvivu, kilichovishwa kanzu:
Ukosefu wa mwamko.

Hapo akaweka ungo chini.
"Inuka."

Tukashuka. Matope, kisha ukoka, kisha
pahala ambapo hata ukoka umekata tamaa.
Picha yangu ya angani ilipapaka kijivu,
na juu yake herufi nyekundu: ARDHI TUPU.
Yeye alipita kama apitaye ukumbini mwa watu,
akiamkia kila jaluba kwa jina.
Hili Talaka, mume aliliacha siku moja na mke.
Hili Biharusi, tulipanda kia la bibi, likatulisha miezi saba.
Hili Mshindo. Hili Sinijui.
Hili lina jina ila halisemwi,
mtu alizaliwa humo na yungali hai.
Akainama, akachota udongo,
akaninyooshea kiganja.
"Onja."

Chumvi.

"Walikata mikoko kuchomea chokaa,
bamvua likaona mlango wazi.
Bahari haipigi hodi mara mbili.
Sasa tia alama, mwanangu. Kisanduku kipi?"

Nikageuza fomu, nikaandika upande wa nyuma
mpaka kalamu ikakohoa.

Chake, Bwana Khatoro wa takwimu
alinitazama juu ya miwani:
"Yaliyo nyuma ya fomu hayaingii kwenye kompyuta."
Kweli. Hayaingii.

Masika yakapita. Mpango ukabandikwa skuli:
barabara, ghala, soko la kisasa,
na juu ya majaluba, viwanja vya nyumba.
Wananchi wana swali?
Bi Kazija hakuwa na swali.
Alikuwa na pakacha la makonyo ya karafuu.
Akapiga magoti mbele ya viatu vyao,
akapanga konyo kwa konyo, tuta kwa tuta.
Faki akaleta mawe ya mkondo,
watoto maganda ya chaza, ndiyo chumvi.
Wakagombana. Wakasogeza mipaka.
"Sinijui hakai hapo! Kamlalia Mshindo kiunoni!"
Wakacheka, na sakafu nzima ikanuka msimu.

Afisa mmoja, kijana wa mipango miji,
alivua viatu
asije akakanyaga.

Sijui kama hiyo ni takwimu.
Mpango haukubadilika siku ile.
Utatazamwa upya, walisema,
na hilo "upya" huku kwetu hutembea kwa magongo.

Ila Jumamosi yake watu kumi na tisa
walishuka hadi pale bamvua linapoingilia,
kila mmoja na miche ya mikoko.
Nami nilikwenda, bila kofia,
matope yakanimeza hadi magotini.
Bi Kazija akanipa mche wangu,
akangoja niuchomeke, akaukanyagia udongo kwa kisigino.

"Lile swali la tatu," akasema, hanitazami.
"Futa wawili.
Andika sita."