Mteremko

Kazi yangu ni gari. Nawachukua hotelini asubuhi,
nawapandisha ngome ya Kelibia wakapige picha na upepo,
saa nne nawateremsha Kerkuane, saa sita machimbo ya Hawaria,
na mimi hubaki kwenye usukani nikimenya mbegu za alizeti.
Miaka kumi na mmoja. Mawe ni mawe, nilikuwa nikisema,
na aliyekulia kando ya magofu hayaoni
kama asivyoiona pua yake.

Leo klachi ilinuka moto. Nikazima injini,
nikashuka kutafuta kivuli.
Kivuli hakuna kule: kuta zinakomea gotini.
Mji mzima umeketi ukitazama bahari, hauna jina,
waliolijua jina lake waliondoka nalo.
Warumi walipita, wakautupia jicho, hawakujenga juu yake;
dharau yao ndiyo iliyouhifadhi.

Mabruka mkata tiketi alikuwa mbele ya wageni,
ufagio mkononi, chupa ya maji kwapani.
Hapa mlango, hapa ua, hapa kisima.
Na hapa, hatua tatu tu kutoka barabarani, bafu.
Kila nyumba ina lake. Tajiri ana bafu, mfinyanzi ana bafu,
mponda konokono wa rangi ya zambarau naye ana bafu
(angelikosaje, kwa uvundo ule?).
Si la kifalme. Kiti kidogo cha kujikunyata,
kimekandikwa lipu nyekundu kama ufizi:
unaketi, magoti kidevuni, unajimwagia,
wewe na mwili wako, basi.

Nikaikumbuka nyumba yangu. Maji yamekatwa tangu Alhamisi.
Saluha amepanga madumu ukumbini
kama wageni wa msiba waliokataa kuondoka.
Kopo moja la kichwa,
kopo moja la mengine yote.

Yule mzee wa Trapani, Kalojero,
fundi bomba miaka arobaini, tangu asubuhi hakusema neno.
Sasa akapiga magoti (goti likalia),
akalaza shavu juu ya lipu
kama anayesikiliza ugomvi wa jirani.
Ubao wa lugha tatu unasema usiguse.
Akatoa sarafu, akaisimamisha wima, akaiachia.
Ikabingirika yenyewe, bila haraka,
hadi kwenye tundu, ikatumbukia.
"Mteremko," akasema, na macho yake yamelowa,
"huyu jamaa alijua mteremko."

Nilidhani Mabruka atamfokea.
Alitazama upande wa jumba la makumbusho, akatazama tena,
akafungua chupa yake, akamimina.
Maji hayakuuliza njia.
Yalizunguka mara moja mguuni pa kiti, yakaingia gizani,
na watoto wa Mfaransa waliokuwa nje wakapiga kelele:
yametoka! yametoka huku, barabarani!
Sarafu haikutoka.

"Mama yangu ndiye aliyelisugua hili," Mabruka akasema,
akifunga chupa tupu kana kwamba bado ina kitu.
"Kibarua, wakati wanachimba. Kwa mswaki wa meno.
Udongo ulipoachia, wekundu ukajitokeza,
akatupa mswaki. Alidhani amelijeruhi."

Hawaria tulifika tumechelewa. Hakuna aliyelalamika
ila yule Mfaransa, na yeye ni kawaida yake.

Usiku niliingia bafuni kwangu na sarafu ya milimu mia.
Sakafu ile aliijenga shemeji yangu, kwa maneno mengi.
Niliisimamisha, nikaiachia.
Ikatafakari.
Kisha ikanigeuzia mgongo, ikapita mlangoni,
ikaenda kulala chini ya kabati la Saluha.
"Umepoteza nini?" akauliza kutoka kitandani.
Nikamwambia hakuna, mia tu.
"Mia si hakuna," akasema.

Saa nane bomba likakohoa.
Tuliamka pamoja, miguu peku, kila mtu na dumu lake,
na maji, kwanza ya kutu, halafu meupe,
yakafurika kopo, yakamwagika sakafuni,
yakaifuata sarafu ile ile, njia ile ile,
na Saluha akanyanyua gauni lake, akacheka,
akalitaja jina la kaka yake
kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia.