Vidole Vinne

Bibi yangu Genowefa alipewa nyumba tatu,
si za kuishi: za kupima.
Vita vimeikalia Warszawa,
na wanafunzi wa ujenzi wanapita uwanjani mmoja mmoja
kama watu wenye haraka zao,
utepe ndani ya glovu, penseli ndani ya mkate.
Huyu dirisha, yule kizingiti,
mwingine ngazi iliyoliwa na nyayo hadi ikabonyea.

Soko lilikuwa kuukuu hata wakati huo.
Katikati palikuwa na jumba la baraza la mji;
lilibomolewa kabla babu wa babu yake hajazaliwa,
na wauza kabichi, mabata bukini, samaki wa chumvi
wakapigana vikumbo pale walipokaa mahakimu.
Nyumba nyembamba, madirisha matatu matatu,
zimebanana kama ndugu kwenye picha ya harusi,
kila moja ikiinua kidevu.
Chini yake maghala ya matao
yenye ubaridi wa divai iliyokwisha kunywewa.

Nyumba ya mwisho aliipima jioni.
Askari wawili wakakata kona.
Namba akazimeza badala ya kuziandika,
na alipozitapika usiku juu ya karatasi
upana wa mlango ulikuwa umepungua
vidole vinne.

Kisha wakaulipua mji,
mtaa kwa mtaa, kwa utaratibu, kama watu wa kodi.
Uwanja ukawa kilima. Juu yake yakaota magugu.

Husemwa usipoziba ufa utajenga ukuta.
Wao waliujenga ukuta,
wakaurudisha na ufa wake mahali pake,
kwa sababu mchoro ulisema hapa palikuwa na ufa.
Matofali yalikuja kwa treni
kutoka miji mingine iliyokufa.

Walenty mwoka mikate, kabla ya vita,
alipita mlango ule na sinia begani
miaka kumi na tisa, hakuwahi kuliinamisha.
Siku ya kwanza ya mlango mpya wa zamani
sinia likagonga mwimo.
Mikate ikabingirika juu ya mawe.
Akautazama mwimo. Akamtazama bibi,
aliyesimama na kofia ya fundi mkononi.
“Nimenenepa,” akasema.
Mwaka ule Walenty alikuwa mifupa na aproni.

Hawakulizungumza tena, hadi alipozikwa.

Juzi walikuja vijana na kifaa cha miale,
wakaupima mlango kwa kufumba na kufumbua,
wakaandika kwenye daftari la urithi: sahihi kabisa.
Bibi alikuwa benchini, ana miaka tisini na miwili,
anamenya chungwa.
Hakusema kitu.

Lakini mimi humwona kila tukipita pale.
Mlango unamtosha mara mbili,
naye hugeuza bega kidogo,
kama anayempisha mtu
mwenye sinia.